Habari za Kongo: Kutoka Gazeti la Karatasi mpaka Simu ya Mkononi

Vitabu vingi vinavyoeleza kazi ya habari ya siku hizi husimulia historia kwa namna moja tu. Zamani watu walisoma gazeti la karatasi. Kisha ikaja intaneti. Wasomaji wakaacha karatasi. Wenye magazeti wakapata hasara. Na sasa wanatafuta namna ya kuishi. Historia hiyo ni ya kweli kwa Ufaransa, kwa Ubelgiji na kwa Marekani. Lakini wengine huichukua na kuzivika inchi zote maskini za dunia, kama koti la baba analovikwa mtoto. Sisi tunasema kwamba koti hilo halitutoshi.

Katika inchi yetu ya Kongo watu hawakuacha karatasi, maana wengi wao hawakuipata hata siku moja. Walitoka katika sauti, wakaingia katika simu. Kwa sababu hiyo hatari iliyotupata sisi si kufa kwa gazeti. Ni kupotea kwa swali moja ambalo gazeti zuri na radio nzuri zilitufundisha kuliuliza: «Nani amesema neno hili, na alilijuaje?» Tutaeleza jambo hili kwa kufuata miaka.

I. Karatasi isiyofika mbali

Gazeti lilikuja kwetu pamoja na misioni. Kule Kisantu mapadri Wajesuiti walianzisha Ntetembo Eto kwa kikongo mwaka wa 1901. Kule Kasayi wamisionari wa Scheut walikuwa na Nkuruse kwa tshiluba. Wazungu wa mjini walikuwa na magazeti yao kwa kifaransa, kama L'Essor du Congo, lililoanza Elisabethville mwaka wa 1928. Mwezi wa Januari 1945 serikali ya Wabelgiji ilitoa jarida La Voix du Congolais, na Antoine-Roger Bolamba akawa mhariri wake mkuu. Mule ndani Waafrika waliosoma waliandika juu ya maisha yao na matakwa yao, lakini chini ya macho ya serikali, mpaka jarida lilipokoma mwaka wa 1959.

Tuangalie jambo moja katika magazeti hayo, yawe ya misioni au ya serikali. Kila moja lilikuwa na mwenyewe. Jina la mhariri lilijulikana, mahali pa kupiga chapa palijulikana, tarehe iliandikwa juu ya ukurasa. Mtu aliyesingiziwa alijua mlango wa kubisha. Lilisema kweli au lilisema uwongo, lakini halikuweza kusema: «Si mimi.»

Baada ya uhuru, na hasa wakati wa chama kimoja, mlango huo ulifungwa kidogo kidogo. Mwaka wa 1972, katika siasa ile iliyoitwa Authenticité, magazeti yalibadilishwa majina kama vile watu walivyobadilishwa: Le Courrier d'Afrique likawa Elima, Le Progrès likawa Salongo. Mwaka huo huo gazeti la kikatoliki Afrique chrétienne lilisimamishwa, na mwaka wa 1973 serikali ilikataza majarida mengi ya dini. Yaliyobaki yalisema neno la Mobutu na la chama chake.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza kule N'Sele mwisho wa chama kimoja. Hapo magazeti yaliota kama uyoga baada ya mvua. Le Potentiel na Le Phare, yaliyokuwa yamezaliwa katika miaka ya 1980, yalisema sasa kwa sauti kubwa. Lakini yalipigwa chapa Kinshasa, kwa kifaransa, kwa hesabu ndogo, na bei yake ilikuwa nzito kwa mfanyakazi wa kawaida. Kule Kinshasa kwenyewe watu walisimama mbele ya meza ya mchuuzi, wakasoma vichwa vya habari bila kununua, wakabishana. Watu hao waliitwa «bunge la kusimama». Na mtu wa Kindu au wa Kalemie? Barabara zilikuwa zimeharibika. Gazeti lilifika kwa ndege, likiwa limechelewa, mara nyingi kwa askofu, kwa mkubwa wa serikali na kwa mfanyabiashara. Mwalimu wa kijijini hakuliona.

II. Sauti

Kilichofika kijijini ni sauti. Wajesuiti wa Collège Albert huko Leopoldville walikuwa na Radio Léo tangu 1937. Radio Congo Belge ilianza mwaka wa 1940, wakati Ubelgiji yenyewe ilikuwa chini ya Wajerumani. Mwisho wa miaka ya 1950 vilikuja vile vyombo vidogo vya transista vinavyokula mawe ya betri, na mlinzi wa ng'ombe akaweza kusikia habari sawasawa na karani.

Lakini radio ya serikali ilipoanza kusema neno moja tu, watu wenyewe walijitengenezea radio nyingine, ile iliyoitwa «radio trottoir», yaani radio ya kando ya barabara. Haikuwa na mashini wala mnara. Ilipita kinywa kwa kinywa, sokoni, ndani ya basi, kwenye kilabu cha pombe. Tusiidharau radio hiyo. Mara nyingi ilisema yale serikali iliyoyaficha. Lakini ilikuwa na kilema kimoja: haikuwa na mwenyewe. Ukiuliza: «Nani amesema?» ulijibiwa: «Wanasema.» Msomaji aliweke neno hili moyoni, maana litarudi.

Katika miaka ya 1990 zilizaliwa radio za jamii. Kule Bukavu, Radio Maendeleo ilianza mwaka wa 1993. Wakubwa wa wakati wa vita waliifunga zaidi ya mara moja, nayo ikafunguka tena. Kisha, tarehe 25 Februari 2002, Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Uswisi Fondation Hirondelle walifungua Radio Okapi. Siku hiyo ndiyo siku mazungumzo ya Wakongo yalipoanza kule Sun City, Afrika ya Kusini. Inchi ilikuwa imekatwa vipande: Kinshasa upande mmoja, Goma upande mwingine, Gbadolite upande wa tatu. Mtu wa kipande kimoja hakujua mwenzake wa kipande kingine anakufa au anaishi. Radio hiyo ilisema siku moja na pande zote, kwa lugha 5: kifaransa, kilingala, kiswahili, tshiluba na kikongo. Kanuni yake ilikuwa nyepesi kuisema na ngumu kuifuata: neno lisitangazwe kabla ya kupimwa kwa mashahidi zaidi ya mmoja.

Kupima huko kuna bei. Serge Maheshe, mwandishi wa Radio Okapi, aliuawa kwa risasi kule Bukavu tarehe 13 Juni 2007. Mwenzake Didace Namujimbo aliuawa katika mji ule ule mwezi wa Novemba 2008. Tunawataja kusudi wale wanaofikiri kwamba kazi ya habari ni kazi ya maneno matupu wajue kwamba watu wameilipa kwa damu.

III. Simu inaingia

Simu ya mkononi iliingia Kinshasa katika miaka ya 1980 kwa kampuni ya Telecel, lakini ilikuwa chombo cha matajiri. Celtel ilikuja mwaka wa 2000, Vodacom mwaka wa 2002. Hapo mambo yalibadilika upesi. Mwandishi wa Bukavu aliyesikia kwamba kijiji fulani kimechomwa hakungoja tena siku tatu mjumbe afike kwa miguu. Alimpigia simu mwalimu, padri, muuguzi. Kwa hiyo tuseme haki: chombo kipya kilianza kwa kusaidia kazi ya kupima.

Intaneti kwa muda mrefu ilipita kwa sateliti, na bei yake ilikuwa ya juu sana. Mwaka wa 2013 waya mkubwa wa chini ya bahari uliofika Muanda ulianza kazi, na katika miaka iliyofuata simu zenye kioo zilienea mjini, kisha sokoni, kisha hata kwenye machimbo. Magazeti ya Kinshasa yaliweka kurasa zao katika intaneti, na Wakongo wa Bruxelles na Paris wakayasoma kabla ya watu wa Mbandaka. Mwaka wa 2016 likazaliwa Actualite.cd, gazeti lisilo na karatasi hata moja. Halikuhitaji mashini ya kupiga chapa, wala lori, wala mchuuzi. Mengine mengi yalifuata.

Lakini tuangalie vizuri mwananchi wa kawaida anafanya nini. Hafungui ukurasa wa gazeti la intaneti, maana kila kurasa inakula pesa za simu yake, tena imeandikwa kwa kifaransa. Yeye yuko katika kikundi cha WhatsApp: cha jamaa, cha mtaa, cha kwaya, cha parokia. Mule ndani hazipiti maandishi sana, inapita sauti. Mtu anabonyeza, anasema kwa kiswahili dakika 2, anatuma. Mwingine anapokea, anatuma mbele. Waandishi wetu wa mashariki walilifahamu jambo hilo haraka. Wakaanza kukata habari zao za radio vipande vifupi na kuvituma kwa njia hiyo hiyo. Ndiyo maana tunasema kwamba Kongo haikutoka karatasi kwenda kioo. Ilitoka sauti kwenda sauti.

Na ile iliyorudi ndani ya simu ni radio trottoir. Neno lile «wanasema» sasa linakuja likiwa na picha na sauti, likivuka inchi nzima kwa dakika moja. Zamani uvumi ulichoka njiani. Siku hizi hauchoki. Kampuni ya WhatsApp yenyewe iliona hatari, na mwezi wa Januari 2019 iliweka mpaka duniani kote kwamba mtu asitume mbele ujumbe mmoja kwa zaidi ya watu au vikundi 5 kwa mara moja. Lakini mwenye kuchukua sauti na kuifuta jina la aliyeisema hazuiliwi na mpaka huo.

IV. Wenye nguvu na kifungo cha kuzima

Serikali nayo ilijifunza. Zamani ilinyang'anya magazeti. Sasa inazima njia. Desemba 2011, baada ya uchaguzi, ujumbe mfupi wa simu ulikatwa. Januari 2015, watu walipoandamana juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilizimwa. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake baada ya kupiga kura, ilizimwa tena kwa karibu majuma matatu, na sauti ya Radio France Internationale ikakatwa.

Siku hizo ni fundisho kubwa kwa mwenye kuandika historia. Baraza la Maaskofu lilikuwa limetuma watazamaji karibu 40,000 katika vituo vya kupigia kura. Walikuwa watu wenye majina, waliosimama mahali fulani, wakaona kwa macho yao. Tarehe 3 Januari 2019, intaneti ikiwa imezimwa, maaskofu waliweza kusema kwamba hesabu walizonazo zinaonyesha mshindi. Tarehe 10 tume ya uchaguzi ilipomtangaza Félix Tshisekedi, walisema kwamba matokeo hayo hayalingani na yale waliyoyaona watazamaji wao. Hatuingii hapa katika ubishi wa siasa. Tunaonyesha tu kwamba ushahidi haukutoka katika waya. Ulitoka kwa shahidi. Waya ulipokatwa, uvumi ulibaki yatima, lakini shahidi alibaki.

Sheria vile vile ilichelewa. Sheria ya magazeti ya tarehe 22 Juni 1996 haikujua intaneti. Tarehe 13 Machi 2023 tu serikali ilitoa sheria mpya ya habari inayotaja magazeti ya intaneti, pamoja na sheria nyingine ya mambo ya dijitali. Miezi michache baadaye, tarehe 8 Septemba 2023, Stanis Bujakera, naibu mkurugenzi wa Actualite.cd na mwandishi wa Jeune Afrique, alikamatwa Kinshasa kwa ajili ya makala juu ya kifo cha mwanasiasa Chérubin Okende. Makala yenyewe haikuwa na jina lake. Simu zake zilichukuliwa, na mashitaka yakajengwa juu ya yale yaliyosemwa kuwa yamepita ndani ya simu. Machi 2024 alihukumiwa miezi 6, akatoka kwa sababu alikuwa amekwisha kukaa gerezani zaidi ya hiyo. Basi, simu inayomsaidia mwandishi kupima neno ndiyo simu inayoweza kumpeleka kifungoni.

V. Nani analipa?

Hapa tunafika kwenye shina la shida. Kupima neno kunagharimu: sherti mtu apande pikipiki, alale njiani, apige simu kumi. Na waandishi wengi wa Kongo hawana mshahara wa kweli. Ndiyo sababu tangu zamani iko desturi iitwayo «coupage»: mtu anayeandaa mkutano anampa mwandishi bahasha, na mwandishi anasimulia mambo jinsi mwenye bahasha anavyopenda. Wengine walitumaini kwamba intaneti itawaokoa. Kweli, ilishusha gharama ya kufungua gazeti. Lakini haikulipa mshahara wa mtu hata mmoja. Pesa za matangazo katika intaneti huenda zaidi kwa makampuni makubwa ya ng'ambo. Kwa hiyo magazeti ya intaneti yakawa mengi, kila moja na watu wachache, na bahasha ikapata wateja wapya.

Waliofaulu kupima vizuri walipata mara nyingi msaada wa inje: wa Umoja wa Mataifa, wa mashirika, wa serikali za kigeni. Lakini msaada ni mvua ya watu wengine. Mwaka wa 2025 Marekani iliposimamisha sehemu kubwa ya misaada yake duniani, ilionekana wazi kwamba kisima kilicho katika shamba la jirani si kisima chako. Hata hivyo kazi haikusimama. Tangu 2018 liko kundi la waandishi wa Kongo liitwalo Congo Check, ambao kazi yao ni kuchukua habari zinazozunguka katika simu, kuzipima moja moja, na kusema hii ni kweli, hii ni uwongo, na kwa sababu gani.

VI. Uwongo unaua

Msomaji atauliza: je, jambo hili ni zito kiasi hicho? Tumjibu kwa mfano wa Kivu ya Kaskazini na Ituri. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba ugonjwa wa Ebola umeingia. Ulikwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kupata watu 3,470 na kuua 2,287. Dawa ya chanjo ilikuwapo, na watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Kwa nini basi walikufa wengi hivyo? Vita ilikuwa sababu moja. Uvumi ulikuwa nyingine.

Ilisemwa kwamba Ebola haipo, kwamba ni biashara ya wageni na wakubwa. Mwisho wa Desemba 2018 tume ya uchaguzi iliahirisha kura ya Beni na Butembo mpaka Machi 2019 kwa kutaja Ebola na usalama, na rais akaapishwa mwezi wa Januari bila kura zao. Hapo uvumi ulipata mguu wa kusimamia: «Mnaona? Ugonjwa uliletwa kusudi tusipige kura.» Wahenga walisema habari ya uwongo ina ncha saba, nasi tunaongeza kwamba ncha moja huwa imechongwa kwa ukweli, na ndiyo inayochoma zaidi. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Aprili mganga mmoja wa Shirika la Afya Duniani aliuawa ndani ya hospitali ya Butembo. Novemba, kule Lwemba katika Ituri, mtangazaji wa radio ndogo ya jamii aliuawa nyumbani kwake. Alikuwa ametoka kutangaza juu ya Ebola.

Na nini kilisaidia? Si amri ya kunyamaza. Watu waliopona waliingia katika radio za mahali na kusema kwa lugha ya nyumbani: «Mimi niliugua, nilitibiwa, nipo.» Msikilizaji alijua jina, alijua mtaa, aliweza kwenda kuuliza. Lile swali la zamani lilipata jibu: nani amesema, na alijuaje.

VII. Iliyo kazi yetu

Mwisho wa Januari 2025 Goma ilianguka katika mikono ya M23, na katikati ya Februari Bukavu ikafuata. Kila mmoja wetu anajua simu zilivyojaa siku hizo. Picha za vita vya miaka mingine zilipita kama za leo asubuhi. Watu walikimbia mahali palipo salama wakaelekea mahali pa hatari, kwa ajili ya sauti isiyo na jina.

Makatekista na mapadri wamo katika vikundi hivyo, na watu huwaamini. Sauti ikitumwa mbele na katekista, wasikilizaji hawasemi tena «wanasema». Wanasema «katekista amesema». Kwa hiyo kabla ya kutuma tuulize mambo matatu: aliyesema ni nani, alikuwa wapi, ni siku gani. Likikosekana moja, ujumbe ukae kwetu.

Tena kuna kazi ya pili, ambayo ni ya wana historia. Tukitaka kujua mwaka wa 1945, tunafungua La Voix du Congolais. Lakini atakayetaka kujua Butembo ya 2018 atafungua nini? Zile sauti zimefutika pamoja na simu zilizoharibika au kuibiwa. Magazeti mengi ya intaneti hufa mara pesa ya kuyatunza inapokosa kulipwa, na kurasa zake zinapotea nayo. Mapadri Weupe walikuwa na kanuni kwamba kila misioni iandike diaire, yaani kitabu cha mambo ya kila siku: mvua, mgonjwa, mgeni, vita. Leo wenye kuandika historia ya Kivu hawawezi kufanya kazi bila vitabu hivyo. Desturi hiyo imelegea katika parokia nyingi. Tunaomba irudishwe. Kila jioni mtu mmoja aandike kwa wino: leo ilisemwa hivi katika simu, tuliuliza fulani, tukaona ni kweli, au si kweli. Daftari la kurasa 200 ni bei ndogo, na halizimwi na mtu akiwa Kinshasa.